Karatasi ya klozingi (kukamilisha ununuzi wa nyumba) imepanda dola 4,470 siku chache kabla ya kusaini, na dalali ni mtu wetu wa karibu

Dada habari za kazi, pole na majukumu. Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo maji yamefika shingoni ndo maana unaniona. Jina langu naomba usiliweke, andika tu Mbeba Boksi wa Columbus.

Kifupi mimi mtu wa Tanga, niko Ohio huu mwaka wa tisa, naendesha lori, mke wangu anatunza wazee, watoto tunao watatu. Miaka yote hiyo tumepanga na kila mwaka kodi inapanda, mwaka huu tukasema basi, hela tunayompa mwenye nyumba bora iende kwenye nyumba yetu hata kama ni ya benki. Tukajibana, tukacheza upatu na wenzetu wa hapa, zamu yangu ilipofika nikaiweka benki (nayo ilileta kizaazaa, watu wa mogeji, yaani mkopo wa nyumba, wakataka barua hela imetoka wapi, hiyo ntakuhadithia siku nyingine).

Sasa dalali wetu ni mama mmoja wa kwetu kabisa. Sio mtu wa kuokota barabarani dada, tunasali naye, mtoto wangu wa mwisho alipozaliwa yeye ndo alileta uji wa kwanza hospitali. Yeye ndo katupa mtu wa mkopo, na nyumba ilipopatikana akatuambia kampuni ya taito (wale wa kukagua hati ya nyumba na kusimamia kusaini) ni ile fulani, lazima mpite pale, wale wanaijua kazi yangu. Nikamuuliza kwani siwezi kutafuta nyingine, akacheka, akasema ukianza hayo utachelewesha na nyumba itachukuliwa na mwingine. Nikanyamaza, maana nyumba mbili za kabla ya hii tulizikosa kweli.

Nyumba ni dola 265,000, mkopo wa FHA (ule unaodhaminiwa na serikali), tunatanguliza asilimia 3.5. Mwanzoni kabisa tulipewa karatasi inaitwa Loan Estimate, ikasema siku ya kusaini tuje na dola 17,840. Nikaipiga picha nikaiweka kwenye simu, kila nikilala parking ya malori naifungua naiangalia. Juzi Jumanne usiku ikaja nyingine kwa imeili, Closing Disclosure, inasema dola 22,310. Dada hizo 4,470 zimetoka wapi? Nimempigia mama dalali, kasema ile ya kwanza ni makadirio tu, neno lenyewe linasema, kila mtu inampanda, sainini Jumatatu mchukue funguo. Mtu wa mkopo hapokei simu, nimemtumia meseji ndefu amejibu kidole gumba.

Halafu kuna jamaa kaninong'oneza kwamba yule mama au mume wake ana hisa kwenye ile kampuni ya taito. Sijui kama ni kweli au ni maneno ya watu, hapa mji mdogo kwa Waswahili.

Mke wangu anasema nisilete aibu, huyu ni mtu wetu, hela tutakopa kwa shemeji tumalize. Na mimi nawaza, kule nyumbani ukinunua kiwanja unajua kabisa kuna ya dalali, ya mwenyekiti wa mtaa, ya shahidi, unatoa maisha yanaendelea, labda na huku ni hivo hivo. Ila roho haitulii. Tulikopanga tumeshatoa notisi, mwisho wa mwezi tunatoka, watoto wameshagawana vyumba. Nikikataa kusaini zile dola 2,000 tulizotoa kushikilia nyumba zinaenda? Naibiwa au ndo utaratibu?

Mbeba Boksi, Columbus

*

Mdogo wangu, barua yako niliikuta Jumatano alfajiri nikakupigia kabla hata sijanywa chai, kwa hiyo mengi ya hapa ushayasikia. Naiweka kwa ruhusa yako maana barua kama hii huwa naipata kila msimu wa nyumba, za Houston, za Minneapolis, za Louisville, zinatofautiana hela tu. Kwa wasionijua: miaka kumi na moja nilikaa kaunta ya ofisi ya taito huku Marekani, mimi ndo nilikuwa nasogeza zile karatasi na kalamu mbele za watu. Mimi sio wakili, hilo likae wazi.

Nianze na usilotaka kulisikia. Hujaibiwa dola 4,470. Umenitumia picha za karatasi zote mbili nimezilaza pembeni kwa pembeni, na kuna hela humo ni halali kabisa, kuna hela ni haramu kweupe, na kuna hela iko katikati ambayo ndo ya kupambana nayo mpaka Jumatatu. Ukienda pale unapiga kelele zote nimeibiwa, watakuonyesha zile za halali utaishiwa maneno, na zile za haramu zitapita humo humo kwenye kivuli.

Hili neno makadirio ndo linalowamaliza watu wetu. Unaambiwa makadirio, na wewe kichwani inakuja ile ya fundi anakuambia mifuko ishirini ya saruji halafu inakuja thelathini na tano, unacheka unatoa. Loan Estimate haiko hivo. Marekani wana sheria ya tangu 1974, wanaiita RESPA kwa kifupi, ilitungwa kwa sababu hiyo hiyo unayoilalamikia, watu walikuwa wanafika siku ya kusaini wanakuta gharama ambazo hawajawahi kuzisikia, na nyuma ya pazia dalali, benki na ofisi za taito wanarushiana bahasha. Baada ya ule mtikisiko wa mikopo ya nyumba wakaunda ofisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, na kuanzia tarehe 3 Oktoba 2015 ndo zikaanza hizi karatasi mbili unazoziona. Ya kwanza benki inatakiwa ikutumie ndani ya siku tatu za kazi tangu umewapa jina, kipato, namba ya soshal, anwani ya nyumba, thamani yake na kiasi unachokopa. Ya pili uipate angalau siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Na zimepangwa kwa herufi zilezile, A mpaka H, makusudi kabisa ili mtu wa kawaida aweke vidole viwili ashuke mstari kwa mstari. Ukurasa wa 3 wa hiyo ya pili kuna hadi jedwali linalokuuliza hiki kimebadilika, ndiyo au hapana. Mama dalali anajua jedwali hilo liko wapi.

Haya tushuke. Herufi A ni ada za benki yenyewe. Kwako ilikuwa 1,495 sasa ni 2,195, wameingiza mstari mpya wa prosesingi dola 700. Hapa hamna cha makadirio. Ada ya benki hairuhusiwi kupanda hata senti moja mpaka kitu kwenye maombi yako kibadilike kweli, labda umeongeza mkopo, labda kipato sio ulichosema, na hata hapo wanatakiwa wakutumie Loan Estimate mpya ndani ya siku tatu za kazi tangu walipojua. Nimekuuliza mara mbili kwenye simu, umenijibu hujabadili chochote na hujapata karatasi yoyote katikati. Basi hiyo 700 sio yao. Waandikie leo imeili (sio simu, sio meseji, imeili) kwa Kiingereza chako hicho hicho cha lori, kwamba herufi A imepanda dola 700 kutoka karatasi ya tarehe fulani, hujapokea karatasi mpya, unaomba waiondoe au wakuonyeshe kilichobadilika. Mistari mitatu inatosha. Usiandike historia ya maisha.

Herufi B kuna 175 ya mthamini kurudi mara ya pili. Hiyo umeniambia mwenyewe, rangi ya baraza ilikuwa inabanduka, FHA hawataki rangi inayobanduka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 kwa sababu ya madini ya risasi, mwenye nyumba akapaka, mthamini akarudi kuangalia. Kazi imefanyika kweli. Na hii nayo ilitakiwa ije na karatasi mpya, kwa hiyo ukitaka kubana unaweza, ila mimi nisingetumia pumzi yangu hapo.

Herufi F na G ndo zimekutisha zaidi na ndo hazina kosa kubwa. Bima ya nyumba imetoka 1,500 kwenda 2,050, sababu uliichagua wewe, uliniambia ulikataa ile ambayo nyumba ikipata ajali unajilipia mwenyewe dola 5,000 za mwanzo, ukachukua ya 1,000. Sawa, umefanya vizuri, ila inalipiwa. Eskro nayo imepanda 1,050. Eskro ni kibubu ambacho benki inakiweka kwa jina lako ili kodi ya jengo na bima vikifika hela iwepo, ni hela yako inatangulia tu. Mtu wa mkopo mwanzoni aliiandika kodi kwa chini ili ile 17,840 ikuvutie, mchezo wa zamani sana huo, sheria inasema hata mistari ambayo haina kikomo aikadirie kwa taarifa bora aliyonayo lakini kumshika kwenye hilo ni kazi. Unachoweza kukagua ni fungu la akiba ndani ya kibubu. Hairuhusiwi kuzidi sehemu moja ya sita ya malipo ya mwaka, yaani miezi miwili. Kodi yako ni 4,200 kwa mwaka, bima 2,050, jumla 6,250, gawa kwa sita ni kama 1,041. Wakiweka akiba zaidi ya hapo wakurudishie.

Halafu herufi H, bima ya taito ya mwenye nyumba, 875, mwanzoni haikuwepo kabisa. Hapa nakaa kidogo maana watu wanachanganya. Taito ni hati, ni nani mwenye haki na nyumba. Bima za taito ni mbili. Moja inailinda benki, hiyo hamna namna, mkopeshaji anaitaka na unalipa wewe. Nyingine inakulinda wewe, hiyo ni hiari na karatasi yenyewe inaandika ni hiari, unalipa mara moja tu inakaa na wewe miaka yote unayomiliki nyumba. Wamekuwekea bila kukuuliza, hilo ni kosa la adabu. Lakini ukiniuliza mimi, inunue. Nishakaa kaunta nikaona mjane kauza nyumba, kasaini vizuri, hela kapokea, mwaka mmoja baadaye anatokea kijana wa mke wa kwanza na karatasi za mirathi, na mnunuzi alikuwa Mwafrika mwenzetu aliyeikataa ile bima kwa sababu alitaka kuokoa hela ya friji. Sisi watu wa mirathi tunajua mambo haya kuliko Wamarekani. Ila kabla ya kulipa waulize kama wamekupa bei ya kununua bima zote mbili kwa mpigo, maana zikinunuliwa pamoja ya pili mara nyingi inashuka.

Sasa C. Hapa ndo nyumbani kwa tatizo.

Gharama za ofisi ya taito zilikuwa 1,640 sasa 2,760. Imepanda 1,120. Humo kuna ada ya klozingi, kuna kutafuta historia ya hati, kuna kuandaa nyaraka, kuna kuria dola 85 kupeleka karatasi ambazo siku hizi zinatumwa kwa kompyuta. Na sikiliza hapa vizuri kwa sababu hiki ndo dalali hakukuambia. Benki ilipokupa Loan Estimate ilitakiwa ikupe na orodha ya kampuni unazoweza kuzitumia. Ukichagua kutoka kwenye orodha hiyo, gharama zinaingia kwenye kapu moja pamoja na ada ya kusajili hati, na kapu zima haliruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10. Kwenye 1,640 yako hiyo ingekuwa kama dola 164, sio 1,120. Kama kampuni ni ya benki yenyewe, ndugu moja, haipandi kabisa. Lakini ukienda nje ya orodha, sheria inakuhesabu ni mtu mzima uliyezunguka sokoni ukachagua mwenyewe, na hapo hamna kikomo. Angalia Closing Disclosure yako ukurasa wa 2. Gharama za taito hazipo B, zipo C, na kichwa cha C kinasema huduma ambazo mkopaji alizitafuta mwenyewe. Wewe ulitafuta? Ulipelekwa. Mama kakutoa kwenye kivuli cha sheria kakusimamisha juani, halafu jua limekuchoma anakuambia kila mtu linamchoma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, tafuta ile orodha kwenye imeili za mwanzo. Kama kampuni hiyo imo, wamekuweka herufi isiyo yako, dai asilimia 10. Kama hawakukupa orodha yoyote, hawawezi tena kusema ulichagua mwenyewe, waandikie hivo hivo. Kama orodha ipo na kampuni haimo, basi ngumu kidogo, hapo unaongea na ofisi ya taito moja kwa moja. Piga wewe, sio dalali. Waambie nina makadirio yenu ya 1,640, nielezeni mstari kwa mstari. Bei ya bima yenyewe haitofautiani sana kampuni na kampuni, lakini ada ya klozingi, kuandaa nyaraka, kuria, hizo ni za kwao na zinapungua. Nakuambia kama mtu niliyekuwa nazipunguza. Mtu akipiga na karatasi mkononi tulikuwa tunafuta mistari miwili mitatu pale pale tusipoteze muda, asiyepiga analipa.

Hili la hisa. Umeniambia ni tetesi na mimi nitaliacha tetesi, sio haki kumchafua mtu kwa maneno ya parking. Lakini sheria iko hivi. Dalali kuwa na hisa kwenye kampuni ya taito sio kosa. Kosa ni kukupeleka huko bila kukupa karatasi inayosema nina maslahi pale, gharama zao ni kiasi hiki, na hulazimiki kuwatumia. Na kosa kubwa zaidi ni kulazimisha, au kupokea kitu chochote, hela, safari, hata kulipiwa matangazo, kwa ajili ya kumpelekea mtu mteja. Ile chai ya kumleta mteja ambayo kule nyumbani tunaichukulia kama chumvi kwenye chakula, huku RESPA kifungu cha 8 inaiita kosa la jinai, faini mpaka dola 10,000 na kifungo mpaka mwaka mmoja, na wewe mteja unaweza kudai mahakamani mara tatu ya ulicholipa kwa huduma hiyo. Una mwaka mmoja tu wa kufungua kesi, usije ukaamka mwaka wa tatu. Hata muuzaji wa nyumba haruhusiwi kukulazimisha ununue bima ya taito kampuni anayoitaka yeye, hicho ni kifungu cha 9.

Mtumie mama meseji moja ya heshima, salamu kwanza kama kawaida, halafu: naomba kujua kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ana hisa au anapata chochote kutoka kampuni ya taito, na kama kuna karatasi ya hilo nilitakiwa kusaini. Basi. Hujamtukana. Akisema hapana, amesema kwa maandishi. Akisema ndiyo tulikupa, akuonyeshe sahihi yako. Akikasirika, nayo ni jibu.

Na wewe na wifi mniondolee hiyo habari ya kwamba mama anawafanyia hisani. Uji wa hospitali ulikuwa hisani na Mungu amlipe. Nyumba ni biashara. Tangu tarehe 17 Agosti 2024 madalali wengi huku wanatakiwa wasaini mkataba na mnunuzi kabla hata ya kumtembeza kwenye nyumba, na malipo yao yaandikwe humo. Umenitumia wa kwako, unasema asilimia 2.5. Kwa 265,000 hiyo ni dola 6,625. Hata kama muuzaji ndo anailipa, ni hela inayotoka kwenye nyumba hii hii. Kwa 6,625 mtu anaweza kukupa jibu la swali moja bila kukuambia unaleta ugomvi.

Sasa muda, maana najua ndo unakuumiza usiku. Karatasi umeipata Jumanne usiku, siku za kuhesabu hapa ni zote isipokuwa Jumapili na sikukuu za serikali, kwa hiyo hata Ijumaa mnaruhusiwa kusaini, Jumatatu iko salama. Na kuuliza hakurudishi saa nyuma! Watakuambia ukibadilisha kitu tunaanza tena siku tatu, sio kweli. Siku tatu zinaanza upya kwa mambo matatu tu: riba ya jumla inayoandikwa APR ikipanda kupita kiwango, mkopo wenyewe ukibadilishwa aina, au wakikuongezea adhabu ya kulipa mapema. Kufuta dola 700 au kuria ya 85 ni kazi ya dakika kumi kwenye kompyuta, wanakuchapishia nyingine unasaini.

Dola 2,000 zako inategemea mkataba wa ununuzi, lakini kukataa kusaini kwa sababu ya ada peke yake kunaweza kukupotezea hela hizo, tena notisi mmeshatoa mtalala wapi. Kwa hiyo sisemi ukatae. Nasema panga vita yako. Ile 700 ya herufi A hata ukisaini nayo haijapotea, benki ina siku 60 baada ya klozingi kurudisha ilichozidisha, na ukiwa na imeili ya kabla ya kusaini wanarudisha haraka. Lakini 1,120 ya taito kama mko nje ya orodha, ukishalipa kuirudisha ni shughuli ya mawakili. Hiyo ndo ya kushughulikia Alhamisi na Ijumaa. Simu zako zote ziende huko.

Ukigonga ukuta, Ohio wana idara ya bima inayosimamia mawakala wa taito, na kuna kitengo cha leseni za madalali wa nyumba, wote wanapokea malalamiko bure. CFPB namba yao 855-411-2372, wana wakalimani. Tangu 2025 ofisi hiyo imekuwa kwenye misukosuko ya kisiasa, kwa hiyo peleka huko lakini usipeleke huko tu. Na kuna washauri wa nyumba waliothibitishwa na HUD (wizara ya nyumba ya Marekani), ungewaona hawa mwezi uliopita ungenipumzisha, lakini hata leo piga, wengine wanakaa na wewe bure wanapitia karatasi.

Kitu kimoja nje ya ulichouliza. Hiyo hela yote utaituma kwa waya. Kuna wezi wanaingia kwenye imeili za ofisi, wanakutumia maelekezo ya akaunti siku moja kabla, nembo ni ile ile, jina ni lile lile, unatuma, imekwenda. Nimeona familia ikilia kaunta kwangu. Piga namba iliyoko kwenye karatasi ya zamani au nenda ofisini kwa miguu, soma nao namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Imeili yoyote inayosema akaunti imebadilika, ni mwizi mpaka ithibitike vingine.

Jumatatu nenda na karatasi zote mbili zilizochapishwa, sio kwenye simu, na kalamu yako mwenyewe. Fikeni nusu saa kabla. Wifi akae upande wako wa meza, asikae upande wa dalali.